Nisicheke Mbele ya Bibi Somoe

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo nimeshona nikiwa nimelala. Tena mshono umenyooka vizuri kabisa! Mzee Rashidi kaja kujaribu kanzu yake, mkono wa kulia ukaingia, haukutokea. Nilikuwa nimeuziba mwishoni. Nikamwomba radhi. Akasema nipunguze mawazo ya harusi. Nikakubali, maana ni rahisi kuliko kumweleza kwamba usingizi hunikamata mchana hata mguu ukiwa kwenye cherehani, na mguu huendelea kukanyaga wenyewe.

Hilo la usingizi watu wanalijua. Wananiita mvivu, yamekwisha. La pili ndilo sithubutu kulisema. Nikicheka sana magoti yanaisha nguvu, shingo inalegea, naanguka. Akili ipo, nasikia kila kitu, ila siwezi hata kuinua kidole. Mwaka wa sita huu. Nimejizoeza kutocheka.

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Nimekwenda kijijini Mahurunga na mjomba Athumani, kujitambulisha kwa kina Zawadi, mchumba wangu. Tulipanda bodaboda moja, mshikaki, mimi katikati ili nikisinzia nisidondoke. Zawadi kavaa kitenge cha njano. Nimefurahi mpaka sasa hivi.

Ila bibi yake! Bibi Somoe. Kwa desturi mimi sasa ni mume wake wa utani, na mume wa utani anatakiwa acheke. Akasema amenisubiri tangu asubuhi, meno mawili aliyobaki nayo ameyapiga mswaki, kumbe fundi mwenyewe wamemletea uzi bila sindano. Baraza zima likavunjika mbavu. Mimi nikauma mdomo, nikaanza kuhesabu mihogo iliyoanikwa uani. Akaongeza utani mwingine, mkali zaidi. Nikahesabu tena. Bibi akainuka, akaingia ndani.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mjomba kaja dukani amekunja uso. Ujumbe umetoka Mahurunga: posa isimame kwanza. Bibi Somoe anasema mkwe asiyecheka utani wake amemdharau. Kama amemdharau yeye, huyo mjukuu wake atamfanyaje? Na pale kwao neno la bibi ndilo neno.

Nikicheka, watasema nina kifafa. Nisipocheka, nina dharau. Sijala mchana.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Hospitali. Nimekwenda kwa hofu tu, sikuwa na tumaini lolote. Daktari Irene, mtu wa Moshi, mpole. Nikamweleza habari za usingizi. Anaandika. Halafu, bila kuinua macho: "Ukicheka, magoti yanalegea?"

Nusura nilie. Miaka sita hakuna aliyewahi kuniuliza!

Inaitwa nakolepsi. Si kifafa. Si jini. Amenichorea ubongo nyuma ya karatasi: kuna seli chache kule ndani zinazotoa kemikali ya kumweka mtu macho, na zangu huenda zimekufa. Ndiyo maana usingizi wa ndoto unaniingilia mchana. Kila mtu akiota, mwili hufungwa asije akaruka kitandani. Wangu unafungwa nikicheka. Kwa kipimo chenyewe cha usingizi atanipa rufaa, ila maelezo yangu yanamtosha kuanza dawa. Vidonge, kulala kidogo mara mbili mchana kwa saa maalumu, na pikipiki nisiendeshe.

Nimerudi dukani kwa miguu, taratibu, jua lote lile. Kitu changu kina jina.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Saa sita mchana nimelala dakika ishirini chini ya meza ya kukatia, mlango wazi, watu wanapita. Raha iliyoje! Nimeamka nikashona mashati mawili bila kosa.

Mjomba anashauri nifiche. Wakisikia ubongo watasema kifafa tu, na binti hatolewi. Jioni nikampigia Zawadi, nikamwambia yote. Akauliza kama yeye anaruhusiwa kunichekesha. Nikasema anaruhusiwa, mradi nimekaa. Akasema Jumapili niende nikamwambie bibi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Naandika barazani kwa kina Zawadi. Mikono bado mizito. Wakubwa wako ndani, wananijadili.

Nimesema yote, hata kanzu ya Mzee Rashidi. Bibi Somoe alisikiliza bila kunitazama. Mwisho akataka kuhakikisha kama ameelewa: yaani siku ya harusi akinitekenya, atabaki na gunia la muhogo kitandani? Nikageukia uani nihesabu mihogo. Hamna, wameshaianua. Nikacheka! Kicheko cha miaka sita chote. Nikateleza kwenye kiti, uso ukafika mkekani.

Nilisikia kila neno. Baba mdogo wa Zawadi akasema hicho ni kifafa, tumeponea chupuchupu. Mjomba Athumani akajaribu kueleza ile kemikali, masikini, akachanganya kila kitu. Zawadi akaniwekea mkono mgongoni, mbele ya watu wote. Na sauti ya bibi juu yangu:

"Mwacheni. Amecheka."

Haikuzidi dakika moja, nikainuka. Hakuna aliyenitazama usoni. Nikaambiwa nisubiri nje.

Baba mdogo anapandisha sauti. Mjomba naye. Wakinikataa, nimeridhika, walau nimesema ukweli. Hapana, sijaridhika — namtaka Zawadi. Lakini kucheka mbele za watu ni kutamu, nilikuwa nimesahau.

Mlango umefunguliwa. Bibi Somoe, peke yake. Ana mto kwapani. Anauweka kwenye mkeka, anaupigapiga. Anasema, "Njoo ukae huku chini, mume wangu, bado sijamaliza utani wa—