Upana wa Mistari ya Sumaku

Jumanne, baada ya chakula

Miezi minne msimamizi wangu amekuwa akiita hesabu yangu hesabu ya fundi. Kweli nilichomelea milango Kyumbi miaka tisa nipate karo. Lakini leo ndiyo ilikuwa siku: nikikosea, nibadilishe mada ya utafiti.

Tuliweka vipande viwili vya sumaku kwa hadubini, kimoja kinene mara nne kuliko kingine. Yeye alisema mistari ya sumaku inayoonekana kwenye kile kinene, ambako pande za sumaku hupishana, itakuwa mipana mara nne. Mimi nilisema mara mbili.

"Mbili umetoa wapi, mama?"

"Kwa matuta ya shamba letu Mwala, Daktari. Ukichimba mengi unavunjika mgongo, ukichimba machache mvua inabeba udongo. Sumaku nayo hulipia kila mpaka wa mstari, na mipaka ikipungua nguvu inavuja nje. Ukipiga hesabu ya kusawazisha hasara hizo mbili, upana unafuata kipeuo cha pili cha unene. Unene mara nne, upana mara mbili."

Akapima mwenyewe, mara tatu. Mbili.

Akatia sahihi kwenye fomu ya mada yangu. Hakuniomba msamaha, na hilo sitalisahau.

Lakini nilicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, mpaka mwenye boda akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia huyo angoje kwanza.