Kidonge cha Wateja

Ijumaa, 29 Agosti 2025

Jana usiku mume wangu Hamdani tena, bila kinga! Dukani anauza kondomu boksi kwa boksi — nyumbani anasema zinamuwasha. Maskini wa Mungu. Na daktari alimwambia mbele yangu, kitindamimba wetu Nziza alipozaliwa kwa kupasuliwa: mkeo akibeba mimba nyingine, atakufa. Akaitikia kwa kichwa, mpole kabisa. Mfamasia mzima!

Leo nimemwomba kile kidonge cha kuzuia mimba, cha kumeza kabla siku tatu hazijapita. Akacheka.

— Ile ni ya wateja. We ni mama ya watoto ine, unaogopa nini?

Ananiuliza naogopa nini! Muda huohuo akamuuzia msichana mmoja, na nasaha juu.

Jumamosi, 30 Agosti

Umuganda, ile kazi ya jamii ya kila mwisho wa mwezi. Maduka yote yamefungwa hadi saa tano. Nilidhani ataacha ufunguo wa kabati la dawa. Wapi! Ameenda kuzibua mitaro nao shingoni. Jembe analishika kwa vidole viwili, bwana mkubwa. Kwenye mkutano wa baadaye akasimama kuhubiri afya ya mama. Wakapiga makofi. Nami nikapiga! Najidharau kwa hilo.

Saa sita nikaenda farmasi ya Ritah, yule aliyerudi kutoka Uganda. Hakuuliza kitu. Pesa akakataa:

— No, dada. Hamdani akiishiwa anachukua kwangu, nami kwake. Atarudisha.

Alidhani nimetumwa na duka! Nyuma yangu walisimama watu watatu wa msikitini. Ningejielezaje mbele yao? Nikaondoka na boksi.

Jumamosi hiyohiyo, saa nane na dakika ishirini

Saa saba nilikuwa ndio naingia nyumbani, simu ya Hamdani ikalia. Ritah, anamkumbusha boksi lake. Hamdani akaingia dukani, hapo mbele ya nyumba, akatazama kabati: yake yote yapo. Akili ikamjia, angalau leo. Akaja kanyoosha mkono.

— Lete! Watu watasema nini? Muke ya Hamdani anakunywa dawa ya wasichana?

Kufa kwangu hakumuumi. Kinachomuuma ni jina.

Nikatoa kidonge, nikakimeza mbele yake, kikavu, bila maji. Nikajifungia chumbani.

Tangu hapo anagonga. Anataka nitapike. Bon, kumbe kazi yake anaijua: ukitapika kabla saa mbili hazijaisha, kidonge hakifanyi kitu. Sasa anasukuma kwa bega. Na bega lenyewe lile! Lakini kitasa kimeanza kulegea. Nimeegemeza mgongo mlangoni, daftari magotini. Bado dakika arobaini.