Bila Pindo la Kukulia

3 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Kifua chako je, bado unakohoa ukipiga pasi?

Nina hasira, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi. Nahodha wa klabu yetu ameniletea baiskeli ya mbio ndogo kuliko zote dukani, na bado nimening'inia juu yake kama shati kwenye kamba. Wameshusha kiti mpaka mwisho, lakini usukani uko mbali, vidole havifiki breki. Akaniambia mbele ya wenzangu nikachukue ya watoto, au nikae kando nigawe maji. Mchujo wa timu ni tarehe 20 Juni. Maji sigawi ng'o.

Nimejipima: mguu kwa ndani sentimita 63, mkono 50. Mpelekee fundi wa kuchomelea jirani ya duka lako anitengenezee fremu.

Mwanao, Pini

29 Machi

Marahaba mwanangu,

Kifua kimetulia. Vipimo nimeviandika mwenyewe, fundi ameshachomelea. Ameweka magurudumu madogo kidogo, maana makubwa yangegonga vidole vya miguu yako ukikata kona. Naituma kwa basi. Huyo nahodha mwambie nimeshonea suti watu warefu kuliko yeye, na wote walisimama kimya wakapimwa.

Baba yako

18 Aprili

Shikamoo Baba, natumaini hujambo.

Imefika, inang'aa, na ni kubwa. Juzi mteremkoni vidole havikufika breki, nikaishia kwenye ua wa watu na goti likachubuka. Nikachukua futi nikapima bomba moja moja. Kila moja limenizidi kwa sentimita nne. Nikampigia fundi, akanisomea karatasi yako: mguu 67, mkono 54. Wewe ndiye uliyeongeza.

Tangu shule ya msingi unaniachia pindo la kukulia. Sketi zangu zote zilichakaa pindo halijafunguliwa. Nina miaka ishirini na saba, Baba, sikui tena. Nahodha anaona nimepungua, na wewe kimyakimya unakubaliana naye. Hilo limeniuma kuliko goti. Nairudisha. Nipime nilivyo, au niache.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Mimi mzima, nimekawia kwa aibu, si kwa ugonjwa. Goti limepona?

Ni kweli niliongeza, na wala sikujua, mkono umezoea. Yale mapindo niliyaacha kwa kuogopa watu watakavyokuonea ukibaki mfupi. Hukuwahi kuyaomba. Nisamehe. Nimeshinda karakana siku mbili nikimsimamia fundi akikata upya. Aliuliza kama aache kidogo, nikakataa. Inakuja na basi la kesho.

Baba yako

22 Juni

Shikamoo Baba,

Goti limepona zamani, na breki nazishika kwa vidole viwili. Walichukua watu sita, mimi wa tano.

Nahodha akaja kuizunguka baiskeli yangu, akasema lazima ina ujanja fulani, akaomba aijaribu. Hakumaliza hata mzunguko mmoja wa uwanja. Akashuka akijishika kiuno, akilalamika kwamba imetengenezwa vibaya.

Nikamwambia, "Haina kosa. Wewe ndiye mrefu mno."

Mwanao, Pini