Mtu Aliyekuja kwa Habari ya Paa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Zahra Khamis Vuai
Umri: miaka 27
Kazi: mhifadhi wa nyaraka, jumba la makumbusho
Makazi: Walthamstow, London
Tarehe na saa ya kuanza: Jumanne, 3 Machi 2026, saa nane na dakika tano mchana
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi. Afisa anakifahamu.

Nimeelezwa kwamba nikisema humu jambo ninalojua si kweli naweza kushitakiwa. Nimeelewa. Nimeomba kusema kwa Kiswahili kwa sababu mambo yote ninayoyaeleza yalisemwa kwa Kiswahili, isipokuwa yale yaliyoandikwa.

Ninaishi na bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanamwema Shaame, mwenye umri wa miaka 79, katika nyumba ambayo babu yangu, marehemu Vuai Makame, aliinunua mwaka 1981, kwa jina lake na la Bibi, karibu na mtaa wa soko. Wote wawili ni watu wa Pemba. Wazazi wangu wako Muscat. Paa la nyumba hiyo linavuja upande wa nyuma, na ukuta wa chumba cha juu una ukungu. Mnamo Septemba 2025 Babu aliomba ruzuku ya serikali ambayo wazee hupewa kupitia kaunsili, yaani halmashauri ya mji, ili watengeneze nyumba zao. Fomu nilimjazia mimi. Mkaguzi wa kaunsili alikuja mara moja, akapanda darini, akasema tungoje jibu.

Mnamo tarehe 11 Novemba 2025, Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, Babu alifariki hospitalini kabla jibu halijafika. Siku hiyo Bibi aliingia eda. Kwa desturi yetu mjane hukaa miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, katika nyumba ya mumewe. Hatoki bila dharura, wala hakai mbele ya mwanamume ambaye si ndugu yake wa damu. Bibi alihamia chumba cha chini, kinachopakana na sebule, na nikatundika pazia mlangoni pake.

Babu alizikwa Alhamisi, tarehe 13. Wanawake tulibaki nyumbani. Ami yangu ameniambia kwamba kati ya watatu walioshuka kaburini kumpokea Babu alikuwemo mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto. Alivua koti bila kuombwa, akashuka. Mtu wa namna hiyo kwetu haulizwi yeye ni nani. Jumapili alikuja kwenye hitima nyumbani, akala sinia moja na ami yangu. Hapo ndipo ami aliposema, watu wakisikia, kwamba kinachomuuma ni baba yake kuondoka kabla ya kuona kaunsili wakimtengenezea paa.

Baadaye nimewauliza watu. Ami alidhani mtu yule ni jamaa wa upande wa Bibi. Upande wa Bibi walidhani ni rafiki wa Babu wa msikitini. Imamu alidhani ni mtoto wa nyumba.

Mnamo tarehe 25 Novemba, Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, alipiga hodi. Jumanne ndiyo siku ninayofanyia kazi nyumbani. Alisema anaitwa Musab. Alivua viatu nje kizingitini, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha, akavipanga sawasawa, ncha zikitazama barabarani. Alisema anafanya kazi na watu wanaosimamia ruzuku za wazee, ombi la Babu limekubaliwa, na sasa inabidi lihamishiwe kwa mjane. Alikuwa na kitambulisho chenye picha shingoni. Sikukisoma kwa makini.

Bibi aliuliza kutoka nyuma ya pazia, "Nani huyo, Zahra?"

"Mimi mwanao, Bi Mkubwa," alijibu mwenyewe. "Mzee nilimlaza kwa mikono hii. Nimekuja kwa habari ya paa lake."

"Mungu akulipe, mwanangu. Zahra, mpe chai mwenzio, usimkodolee macho kama makaratasi yako."

Musab alicheka. Afisa ameniuliza kama niliona jambo la kutilia shaka siku hiyo. Sikuona. Alikaa kiti kilicho mbali kabisa na pazia, akaligeuzia mgongo. Hakuomba hata mara moja kumwona Bibi. Alipoondoka Bibi alisema, "Kalelewa huyo."

Mnamo tarehe 9 Desemba alileta karatasi. Zilikuwa kurasa kumi na moja, kwa Kiingereza, na penye kutiwa saini pamebandikwa vipande vya njano. Alinipa mimi nizipeleke ndani, akasema, "Maneno yao marefu, lakini wewe msomi, utamweleza." Nilisimama ukumbini nikaanza kusoma. Kurasa tatu za kwanza zilihusu paa, ukungu na ukuta wa jikoni. Hapo aliniita akaomba mswala, alasiri isimpite. Nilimletea. Akaanza kusali katika sebule yetu, mahali alipokuwa akisali Babu.

Nataka hili liandikwe kama nilivyolisema. Niliona aibu kuendelea kusoma. Niliona kwamba kumchunguza mtu akiwa anasujudu ni utovu wa adabu. Nikapita pazia nikiwa na kurasa nane ambazo sijazisoma.

Bibi aliuliza, "Umezisoma?"

Nikasema, "Nimezisoma, Bibi."

"Zote?"

"Zote."

Alitia saini kila penye njano. Niliporudi sebuleni Musab alikuwa akikunja mswala. Alisema pia panahitajika saini ya shahidi aliyemwona Bibi akiandika. "Mimi si mahali pangu kuona, wewe ndiye uliyeona." Nikaandika jina langu. Aliomba pasipoti ya Bibi aipige picha, nikampelekea hiyo pia. Kazi yangu ya kila siku ni kusoma karatasi za watu waliokwisha kufa, herufi kwa herufi, hadi pembezoni. Za Bibi sikuzisoma.

Mnamo tarehe 6 Januari 2026 nilimpa Musab ufunguo wa mlango wa mbele, ili mafundi waingie nikiwa kazini na Bibi asilazimike kutoka chumbani kuwafungulia. Mafundi wawili walianza tarehe 12 Januari. Paa hawakuligusa. Walivunja ukuta kati ya jikoni na ukumbi, wakasimamisha nguzo mbili za chuma. Tarehe 22 Januari waliondoka, na hawajarudi.

Jumamosi, tarehe 24 Januari, nilimwita jirani yetu, Mzee Vinod Chauhan, mzaliwa wa Tanga, fundi umeme mstaafu. Aligonga chuma kwa kidole, akatazama juu.

"Zahra mwanangu, huu ndio ukuta uliokuwa unabeba," alisema. "Chumba cha juu sasa kimekalia vyuma viwili na dua za bibi yako."

Bibi akamjibu kutoka ndani, "Vinod, dua zangu zina nguvu kuliko nyaya zako."

"Najua, Mama. Lakini dua haina skrubu."

Palikuwa na ufa kwenye dari. Mzee Vinod alipiga mstari wa penseli pale ulipokomea na kuandika tarehe. Hadi jana ufa umeupita mstari kwa upana wa vidole vitatu.

Musab alipokuja Jumanne, tarehe 27 Januari, nilimuuliza kuhusu nguzo. Hakukasirika. "Kazi ya ujenzi kwanza huharibu, dada'ngu. Kufunga ukuta itabidi Bi Mkubwa ahame siku chache, na sasa hahamishiki, yumo edani. Siwezi kumvunjia eda kwa sababu ya matofali." Halafu akanyanyua sauti kidogo, bado ameligeuzia pazia mgongo. "Zimebaki siku ngapi, Bi Mkubwa?"

"Hamsini na moja," Bibi alisema.

Kila Jumanne baada ya hapo alikuja kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, akavua viatu, akauliza. Arobaini na nne. Thelathini na saba. Thelathini. Sisi tulimchukulia kama mtu anayemwonea mjane huruma. Jumanne iliyopita, tarehe 24 Februari, tukiwa tumefunga Ramadhani, Bibi alimwambia ishirini na tatu. Musab akasema, "Zikiisha utapumzika." Bibi akaitikia amina.

Mnamo Jumamosi, tarehe 28 Februari, saa tano asubuhi, ilifika barua kwa jina la Bibi kutoka ofisi ya serikali inayosajili umiliki wa nyumba. Ilisema wamepokea ombi la kubadilisha jina la mmiliki, na kama hana habari nalo awajulishe. Jana, Jumatatu, niliwapigia simu. Niliwapigia na kaunsili. Mwanamke wa kaunsili aliniambia ombi letu la ruzuku lilifungwa tarehe 18 Desemba, baada ya kupokea barua yenye saini ya Bibi ikisema hahitaji tena msaada. Hawana mfanyakazi wala mkandarasi anayeitwa Musab, na hawajamtuma mtu kuvunja ukuta. Saa tisa alasiri nilitumiwa kwa barua pepe nakala ya karatasi za umiliki. Ni kurasa zile zile. Kuanzia ukurasa wa nne ni mauzo ya nyumba. Kwenye ukurasa wa tisa imeandikwa tarehe ya kukabidhi nyumba ikiwa tupu: 20 Machi 2026. Chini yake ipo saini ya Bibi, na chini ya saini ya Bibi lipo jina langu.

Eda ya Bibi inaisha tarehe 19 Machi, jua likizama. Sijui siku hiyo ya mwisho aliijuaje mapema, tangu 9 Desemba. Nadhani alihesabu tangu kaburini.

Nimeulizwa kama Bibi ana habari. Nilimwambia jana baada ya kufuturu. Alikuwa na tende mkononi, akairudisha kwenye sahani.

"Uliniambia umezisoma."

"Nilisoma tatu, Bibi."

Adhana ya simu yake ililia kwa isha. Kisha alisema, "Basi kosa tumegawana. Wewe hukusoma karatasi, mimi sikusoma uso." Baadaye, taa ikiwa imezimwa, akasema tena, "Kesho Jumanne. Akija nataka anisomee mwenyewe."

Nilimwambia asimfungulie.

"Ana ufunguo, Zahra. Ulimpa."

Leo asubuhi nilimwomba aje nami hapa kituoni. Nilimwambia hii ni dharura, na dharura inaruhusiwa, na dari ile si ya kukaa chini yake. Nilimwambia twende hata kwa Mzee Vinod. Alikataa. Alisema, "Nikitoka atakuta nyumba tupu. Hicho ndicho anachongoja." Mzee Vinod ameahidi kukaa dirishani kwake mpaka nirudi. Fundi wa kubadilisha kitasa amesema hawezi kufika kabla ya saa kumi na moja jioni. Nilifika hapa saa sita na robo mchana na nikapokelewa saa nane. Silaumu mtu kwa kungoja. Nimetaja saa kwa sababu Musab huja kuanzia saa tisa.

Nimeulizwa kama ninaweza kumtambua Musab. Ninaweza. Nimeulizwa kama Bibi anaweza. Hawezi. Anaijua sauti yake tu, na kikohozi chake, na namna anavyosugua soksi kwenye zulia kabla ya kukaa. Hajawahi kumwona.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Naomba gari lipite nyumbani sasa hivi, kabla hajafika. Niliomba hivyo pia mapokezini.

Niliyoyasema ni haya, na ni ya kweli kwa kadiri ninavyojua. Yako kwenye kurasa nne. Nimezisoma zote nne kabla ya kuandika jina langu, na ya mwisho nimeisoma kwa sauti.

Saini: Z. K. Vuai
Saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya mbele ya shahidi, naye ameyasoma mwenyewe. Saa tisa na dakika thelathini na moja, kabla hajaondoka chumbani, shahidi alipigiwa simu na jirani, Bw. Vinod Chauhan, akaniwekea simu kwenye spika. Bw. Chauhan alisema viatu vya mwanamume viko kizingitini na mlango umefungwa kwa ndani. Alisema amesimama nje ya dirisha la sebule na anaona ndani. Bi Mwanamwema amekaa katikati ya sebule, uso kwa uso na mgeni, bila pazia. Mgeni ameshika karatasi na anamsomea. Kila akinyamaza, bibi anamwonyesha kwa kidole aendelee. Bw. Chauhan amegonga kioo mara mbili na hakuna aliyegeuka. Alisema pia kwamba vumbi linaanguka kutoka kwenye dari ya ukumbini.

Gari la kwanza limetumwa saa tisa na dakika thelathini na tatu. Zimamoto wamearifiwa.

Shahidi aliomba niongeze kwamba bibi yake hajatoka nyuma ya pazia hilo mbele ya mwanamume asiye ndugu yake tangu tarehe 11 Novemba, na kwamba zimebaki siku kumi na sita.

Hemali Solanki, Konstebo wa Upelelezi