Hatua Moja Aliyonayo Yieyo

Kitengela,
Jumatano, 12 Machi 2025.

Kwa ndugu yangu mpendwa Kuntai,

Supa, mtoto wa mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na kwamba joto la Doha halijakumaliza. Shemeji yako Nick anakusalimia sana. Watoto pia wanakusalimia, na wanauliza kama ni kweli huko mtu anaweza kukaanga yai juu ya gari. Mvua bado. Ng'ombe waliobaki Bisil wamekonda, lakini wanasimama wenyewe asubuhi. Ningependa kuendelea na salamu hadi karatasi iishe, ila nikifanya hivyo nitakuwa nakukwepa.

Utashangaa, tangu lini Soipan akaandika barua? Ni kwa sababu simu imenishinda. Ukipiga tu, mama yetu Yieyo anataka iwekwe spika, na hata ukidhani amelala, masikio yake hayalali. Ujumbe nao mtoto yeyote atamsomea nyanya yake. Basi nimempa barua hii Yonis, kijana wa Asho mwenye duka la nguo hapa mtaani, kwa kuwa anarudi huko kazini wiki hii. Nimemwambia asikupe mbele ya watu.

Uliniuliza safari ilikuwaje, nami nikakujibu kwamba picha zinakuja. Picha ni chache. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Baada ya sukari kumtoa Yieyo mguu wa kushoto, alikaa ndani mwaka mzima akiangalia ukuta. Kisha ukamtumia ile video ya bibi wa Kizungu asiye na miguu, ameshuka melini na skuta yake ya umeme, anazunguka mji wa watu, ananunua kofia, analamba aiskrimu. Yieyo aliitazama mpaka simu ikazima. Kidonda cha kisigino kilipotokea kwenye mguu wa kulia, na daktari wa Kajiado akasema huo nao lazima ukatwe la sivyo utamuua, hakulia. Alimwambia daktari asubiri. Alisema atapanda meli kama yule bibi, na akiona kwamba mtu anaweza kutembea duniani kwa kile kigari, atarudi akatwe. Akiona haiwezekani, atazikwa na mguu wake. Daktari hakupenda, lakini alimpa dawa na mwezi mmoja. Wewe ukatuma skuta, ukalipia meli, na sisi sote tukaamini kwamba kazi imeisha.

Hata mimi niliamini, Kuntai. Nilimwona akijifunza kuiendesha hapa uani, akikimbiza kuku, akiiita punda wake kwa sababu inabeba bila kuuliza. Nilicheka siku hiyo, na kucheka nilikuwa nimesahau.

Nilimchukua Nick kwa sababu ana nguvu. Hapo ndipo akili yangu ya mjini iliponidanganya. Unajua mambo ya mkwe. Nick alimpa Yieyo kondoo wa heshima, na tangu hapo wao huitana Paker tu, hawali pamoja, na mkono wake haujawahi kumgusa hata kwa salamu. Mimi nikajiambia hayo ni ya nyumbani, melini nani atajua. Kwamba Yieyo mwenyewe atajua, hilo halikunijia.

Mombasa, ambako meli ilikaa siku moja baada ya sisi kupanda, ilituendea vizuri, sitamnyima mtu haki yake. Kutoka melini kulikuwa na njia ya mteremko, skuta ikashuka taratibu na Yieyo amekaa wima na shanga zake zote. Wazungu waliomwona waliacha kupiga picha bahari wakaanza kumpiga yeye. Mmoja mwenye skuta kama yake alimpungia mkono, naye akampungia, wakawa kama watu wa rika moja. Kwenye vichochoro vya mji wa kale gurudumu lilikwama kwenye shimo, na vijana wanne wakambeba yeye na punda wake juu juu mpaka ng'ambo. Alicheka mpaka akafuta machozi na shuka. Jioni aliniambia nikupigie simu, na hiyo ndiyo siku uliyomsikia akiimba. Ningependa barua iishe hapo.

Unguja ndiko mambo yalikogeuka. Mji Mkongwe ni mzuri kwa mwenye miguu miwili. Kila mlango una kizingiti cha kufika gotini, kila duka lina ngazi. Yieyo alikuwa anatazama vitu kutoka nje, na wenye maduka wanamletea vitambaa njiani, na yeye anasema asante bila kuvigusa. Kisha akahitaji choo. Tulizunguka sana. Mwishowe mwenye mkahawa mmoja akatuonyesha choo chake, juu ya ngazi tatu nyembamba. Nikamshika kwapani, akaruka ngazi ya kwanza kwa ule mguu wake, akaruka ya pili. Kwenye ya tatu mimi niliteleza. Yieyo alianza kuanguka kichwa mbele, na Nick, aliyekuwa amesimama kando ametugeuzia mgongo kwa heshima, alisikia nikipiga kelele, akageuka na kumdaka. Alimdaka kifuani, kwa mikono yote miwili, Kuntai. Na kwa kuwa mimi nilikuwa chini naugulia goti, ni yeye aliyembeba mpaka kwenye skuta.

Yieyo alijifunika shuka mpaka kichwani, na hivyo ndivyo tulivyorudi melini, watu wakifikiri amefariki. Shida ya choo aliimalizia hapo hapo alipokaa. Nick alikwenda kusimama upande wa pili wa meli, na nilipomfuata nikamkuta analia. Aliniuliza angefanya nini, amwache mama yangu apasuke kichwa? Nikamwambia alifanya vizuri. Lakini tangu siku ile hawaitani Paker. Hawaitani chochote. Yeye akiingia, Yieyo anageuza uso.

Bandari ya tatu ilikuwa kisiwa fulani huko Madagaska. Pale meli haikaribii nchi kavu, inasimama majini na watu wanashukia boti ndogo. Nilifikiri Yieyo hatatoka kitandani, lakini aliamka mapema, akaniambia nimvalishe. Tukapanga foleni. Mfanyakazi wa meli, msichana mwenye heshima zake, alisema skuta haiingii kwenye boti, na wao hawaruhusiwi kumbeba mtu. Ila kuna kiti cha kusukuma kule ng'ambo, kwa hivyo mama anahitaji kupiga hatua moja tu, kutoka hapa hadi kwenye boti, akishikwa mkono. Akauliza kama anaweza hiyo hatua moja. Nikatafsiri. Yieyo aliangalia ile nafasi kati ya meli na boti kwa muda mrefu, kisha akasema hawezi.

Nilidhani amechoka. Nilidhani bado ana aibu ya Unguja. Nikambembeleza, nikamkumbusha kwamba ameruka ngazi mbili na mguu ule ule. Akakataa. Yule msichana akasema pole, akatupa tiketi za kwenda kutazama sinema. Watu wote walishuka na sisi tukabaki na wahudumu wanaosugua sakafu. Yule Mzungu wa skuta naye alishuka, kumbe yeye huwa anasimama na kutembea kidogo. Yieyo alimfuata kwa macho mpaka boti ikapotea.

Tuliporudi nilimpeleka Kajiado moja kwa moja, na kitanda kilikuwa kimetengwa. Daktari akamkaribisha, akamuuliza kama yuko tayari. Na sasa nakuandikia alivyojibu, kwa sababu tangu siku hiyo sijasikia kitu kingine masikioni mwangu. Alisema, "Kila mahali niliulizwa kama naweza hatua moja tu. Ninayo moja. Siku ile kwenye boti nilijibu kama mtu ambaye mmeshamkata, nione watanifanyia nini. Wakaniacha."

Daktari alijaribu. Alimwambia nyumbani si melini, kwamba kuna watu wa kumsaidia. Yieyo akamuuliza ni nani. Soipan ameshaanguka naye, alisema, na aliyebaki ni mume wa Soipan. Daktari ni mtu wa Machakos, hakuelewa. Mimi nilielewa, nikaigeuza skuta kuelekea mlangoni.

Hakukatwa. Yuko Bisil, kwenye nyumba yake, hataki kukaa kwangu alipo Nick. Mimi hulala naye siku nyingi na kushuka Kitengela kuwaona watoto. Vidole vimekuwa vyeusi na weusi umepita kifundo. Tunafungua dirisha mchana kutwa. Daktari amekuja mara mbili kwa gari lake mwenyewe, na mara ya pili hakutaja kukata tena, aliacha dawa za maumivu tu. Skuta nimeifunika turubai nyuma ya nyumba, na sitaki kusikia mtu akiniambia niiuze.

Usijilaumu kwa ile video. Nimekasirika na mambo mengi, lakini wewe humo. Ulimpa siku ya Mombasa, na ile nitaishuhudia mbele ya Mungu.

Salamu kutoka kwa wazee wa hapa, kutoka kwa Asho, na kutoka kwa Nick, ambaye kila Jumamosi anapeleka maji na kuni Bisil, anaviacha langoni na kurudi bila kuingia. Watunze wenzako huko, na ule vizuri.

Yieyo hajui kwamba nimeandika. Alinikataza, na akanipangia la kusema ukiuliza: kwamba alifurahia bahari na sasa anapumzika. Ukipiga simu Jumapili atakuambia hivyo hivyo, na sauti yake itakuwa nzuri, maana anaifanyia mazoezi tangu asubuhi. Usimbishie. Cheka naye, muage vizuri, kisha kata tiketi ya siku hiyo hiyo.

Ni mimi dada yako,
Soipan