Ugoro wa Shangazi

Jumanne, Mwatate

Ni wiki ya pili tangu nitolewe uvimbe ndani ya sikio, karibu na ubongo, na daktari alituonya waziwazi: nisipenge kamasi, nisiiname, nikipiga chafya nifungue mdomo. Kidonda kikiachia, maji yanayozunguka ubongo yatatokea puani, na hapo ni kupasuliwa tena.

Leo shangazi wa mume wangu alitoka Rukanga kuja kuniona. Akakaa kitandani kwangu, akachota ugoro kwa kidole chenye ukucha mweusi, akanisogezea puani. "Vuta, mwanangu, kichwa kifunguke."

Nikageuza uso. Kidole kikanifuata. Na mume wangu, aliyemsikia daktari kwa masikio yake mawili mazima, akacheka: "Vuta tu kidogo, usimvunjie mzee heshima."

Sikuvuta, lakini harufu ilitosha. Nilipiga chafya mdomo wazi kama nilivyofundishwa, mate yote yakamrukia shangazi usoni. Mume wangu akakimbia kumletea taulo.

Tangu hapo nimekaa wima, kitambaa cheupe chini ya pua, nikingoja maji. Bado kikavu.

Mume wangu amechungulia mara tatu, kuuliza nitamwomba shangazi msamaha lini.