Tonge la mama mkwe

Janeth, kaa chini kwanza. Fortunata wetu kalazwa. Usimpigie, hawezi kuongea.

Si unajua tangu apunguzwe tumbo kule Dar anaruhusiwa vya kunywa tu? Supu iliyochujwa, uji mwepesi, hata kifaranga kinamzidi kula. Na mama mkwe hakuambiwa! Isdori alimwambia mkewe, "Mama akijua umekatwa tumbo kwa hiari yako, kijiji kizima cha Chala kitajua."

Basi leo bibi huyo kashuka na basi kutoka Chala, na unga wa ulezi na samaki wakavu, migebuka. Kumwona mkwe alivyokonda, kilio! "Isdori, unamnyima chakula mtoto wa watu?"

Akasonga ugali. Akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalipeleka mdomoni mwa Fortu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mkono wake, Janeth! Tonge la mkwe unalikataaje?

Fortu akamtazama mumewe. Isdori akatazama sahani.

Fortu akalimeza. Bibi akafurahi, akakata la pili. Akalimeza na la pili.

Hata vyombo havijatolewa, Fortu yuko sakafuni, kashika tumbo, jasho linamtiririka. Daktari kasema mshono wa ndani umeachia, anapelekwa Mbeya sasa hivi. Nikamuuliza, "Atapona?" Akaniambia tuombe.

Na bibi hakuna aliyemwambia. Mpaka sasa! Yupo hapa hospitali kwenye benchi, kakumbatia hotipoti, kila nesi akipita anamsihi, "Mwanangu, nipishe nikamlishe kidogo. Nyumbani alishaanza kula."